Trekta Lililokuwa Mshenga

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ambayo ukungu ulikuwa bado haujaamua kama utapanda mlimani au utabaki nasi huku chini Kikwe. Ulikuwa umelala juu ya mabua ya msimu uliopita kama maziwa yaliyomwagika, na katikati yake, mbele ya banda, lilisimama trekta la baba mkwe wangu, jekundu lililopauka, likionekana nusu tu. Magurudumu yalikuwa yamemezwa. Ungesema linaelea.

Leo nimekaa barazani, miguu yangu nimeitoa juani, na trekta lile lile liko pale nyuma ya nyumba. Wajukuu hulipanda likiwa limezimwa, wakanguruma kwa midomo mpaka mate yanawatoka. Mimi kila nipitapo huligonga bawa, lile bati la juu ya gurudumu, kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Watu hudhani ni uzee. Ngoja nikuambie.

Wakati huo nilikuwa mke mpya. Kwetu ni Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa mlima, kwenye upepo na vumbi na mbuzi. Nikaolewa huku kusini, kwenye mifereji na udongo mweusi. Mlima ni huo huo mmoja, lakini kila upande una uso wake. Miezi ya kwanza nilikuwa nikiutazama kutoka hapa naona kama ndugu yangu aliyenigeuzia mgongo.

Nilipofundwa kabla ya kuolewa, mama yangu alinieleza jambo moja kwa kulirudia. Baba mkwe, alisema, haheshimiwi kwa maneno mengi. Anaheshimiwa kwa umbali. Usimtazame usoni, usipite mbele yake akiwa anakula, usimwite jina, na kama una haja naye, mpitie mama mkwe. Nikaja nikakuta baba mkwe wangu, Mzee Anaeli, naye ni mtu wa zamani aliyefundwa vivyo hivyo. Basi tukawa kama mito miwili inayoshuka mlima mmoja bila kukutana. Nikimsalimu, "Shikamoo baba," naye akijibu, "Marahaba," anajibu huku akitazama miti. Neno lingine halikuwepo. Wala usidhani lilikuwa jambo la chuki. Ilikuwa heshima, na heshima ile ilikuwa na utamu wake, kama nyumba yenye chumba ambacho hakifunguliwi. Lakini mgeni anayeishi nyumba yenye chumba kilichofungwa hukaa akijiuliza kama kweli amefika.

Trekta lilipewa jina la Kobe. Mwendo wake ndio ulimpa jina, na pia subira yake. Kobe alilima kwetu, akalima kwa majirani, akalima shamba la kanisa na la msikiti wa njia panda. Mzee alikuwa akiongea naye tangu zamani, kabla sijafika. Asubuhi humwambia, "Kobe, umeamkaje?" Jioni humfuta vumbi kwa gunia na kumwambia, "Pole na kazi." Watu walimcheka kidogo, kwa upole, kama anavyochekwa mtu anayependa sana ng'ombe wake.

Sasa nikueleze kilichomsibu Kobe, nawe usichoke, kwa maana ukielewa hili utaelewa na mengine. Nyuma ya trekta kuna mikono miwili ya chuma inayobeba jembe. Mikono ile hainyanyuliwi na minyororo wala kamba. Inanyanyuliwa na oili. Mbele, pembeni mwa injini, kuna pampu inayoisukuma oili kwa nguvu kubwa. Oili inapita ndani ya mpira mnene, wenye nyuzi za chuma katikati yake, mpaka nyuma, na ikifika huko inaisukuma mikono juu. Ni kama damu na mshipa. Mshipa ukipasuka, mwili uko mzima, mikono iko mizima, lakini haiinuki.

Mpira wa Kobe ulikuwa umeanza kutoa jasho tangu msimu uliopita. Eliakimu, mume wangu, aliliona jasho hilo akasema tutalishughulikia. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku moja shambani ukapasuka, oili ikamwagika kwenye udongo, jembe likadondoka na kukataa kuinuka.

Na mvua za masika zilikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa nimepewa kipande changu cha kwanza cha shamba, kule ng'ambo ya mfereji. Hujui maana ya kipande cha kwanza kwa mke mgeni, mwanangu. Si udongo tu. Ni mahali ambapo ukiulizwa, "Wewe ni wa wapi?" unaweza kunyoosha kidole. Kilikuwa kigumu kama sakafu, kimekaa bila kulimwa miaka, na jembe la mkono lisingekiweza kabla ya mvua.

Fundi alikuja kutoka mjini. Akachungulia, akalala chini, akaingiza mkono, akautoa umechunika. Ncha ya mbele ya mpira, alisema, ni kazi ya kupepesa jicho. Ya nyuma ndiyo tatizo. Imejificha juu ya giaboksi, chini ya kiti, nyuma ya tangi, na njia ya kuifikia ni upenyo mmoja tu kutokea chini, mwembamba kama mdomo wa mtungi. Ilibidi kung'oa kiti, kung'oa tangi, kufungua mgongo mzima wa Kobe, na kumvuta mpaka gereji yake, ambako matrekta mengine yalikuwa yamepanga foleni. Mvua ingekuja ikapita.

Mzee Anaeli alijaribu mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimeshakakamaa. Eliakimu naye alijaribu, akakwama kwenye kifundo cha mkono.

"Mikono yako ni makoleo," mama mkwe alimwambia.

"Umenizaa nayo, mama."

"Nilikuzaa na vidogo. Ukubwa huo umejiletea mwenyewe kwa kula."

Jioni ile nilimsikia mzee, kupitia dirisha la jikoni, akimwambia mwanawe kwamba kama Kobe hatainua jembe kabla ya mvua, basi amwite mnunuzi wa vyuma chakavu. Alisema kwa sauti tulivu kabisa. Ndiyo maana ilinichoma. Mtu anayepiga kelele bado ana tumaini.

Mama mkwe alikuwa ananipokea sufuria ya loshoro, kile chakula cha mahindi na maziwa ya mgando. Akanishika mkono, akaugeuza, akautazama kiganja na mgongo wake kama mtu anayechagua kibuyu sokoni.

"Mkono huu," akasema, "si ndio ule uliokuwa unatoa mbuzi?"

Kumbe alikumbuka. Nilikuwa nimemsimulia jinsi nilivyokuwa msichana kule Oldonyo Sambu. Mbuzi akishindwa kuzaa, mtoto amekaa vibaya tumboni, naitwa mimi, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwembamba. Unaingiza mkono taratibu, unafumba macho kwa sababu macho hayana kazi huko, unatafuta. Hiki ni kichwa. Huu ni mguu, lakini wa nyuma au wa mbele? Unalipapasa goti lake, linakuambia. Mama alikuwa akisimama nyuma yangu akinong'ona, "Usivute. Muulize kwanza." Nilikuwa nikimuuliza mbuzi kwa vidole.

"Ndio huo, mama," nikajibu.

"Haya," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Ndiyo asubuhi ile ya ukungu. Nilivaa ovaroli ya Eliakimu, nikaikunja miguu mara kadhaa, nikajifunga kitambaa kichwani. Tulitandika gunia chini ya Kobe. Na mzee? Hilo ndilo lilikuwa fumbo. Mke wa mwanawe amelala chali chini ya trekta, naye ndiye pekee anayeijua ile sehemu kwa moyo. Asingeweza kuinama na kunichungulia. Alichukua kigoda chake akakiweka hatua chache kutoka hapo, akakaa akitupa mgongo, uso wake ukielekea mlimani. Mlima wenyewe haukuonekana. Alikuwa akiutazama pale ulipotakiwa kuwepo.

Mama mkwe akasimama katikati yetu.

"Mwambie mkweo asafishe kwanza kuzunguka nati," mzee akasema kuuambia ukungu. "Mchanga ukiingia ndani, pampu inakufa."

"Baba anasema usafishe kwanza."

"Nimesikia, mama."

"Amesikia."

"Mwambie atumie kitambaa kikavu, si kile cha oili."

"Kitambaa kikavu."

"Ninacho, mama."

"Anacho."

Eliakimu, aliyekuwa amekaa juu ya kiti cha Kobe, akaanza kucheka. Mama mkwe akatupa mikono hewani.

"Hebu niacheni! Mimi si redio. Maharage yangu yanaungua huko. Mkitaka kuongea, ongeeni na Kobe. Yeye hapa hajaoa wala hajaolewa."

Akaenda zake. Nikasikia kandambili zake zikififia kuelekea jikoni. Tone la umande likaanguka kutoka kwenye bawa la Kobe likanipata shavuni. Juu yangu kulikuwa na giza lenye harufu ya oili na udongo, na michirizi ya mwanga ikipenya kati ya vyuma kama jua linavyopenya kwenye migomba. Nilijihisi niko ndani ya tumbo la mnyama mkubwa anayelala.

Mzee akakohoa.

"Kobe," akasema.

Eliakimu akaacha kucheka.

"Kobe, kabla ya yote, shusha mzigo. Mtu hafunguliwi mshipa akiwa amebeba."

Nikaelewa. Nikasema kuliambia giaboksi lililokuwa juu ya pua yangu, "Kobe, jembe liko chini. Na injini imezimwa."

Mzee akaendelea, "Vizuri, Kobe. Sasa wenzo wa kuinulia usukumwe mbele na nyuma, nguvu iliyobaki ndani itoke. Hasira ya zamani hukaa kwenye mpira hata ukidhani imekwisha."

Eliakimu akausukuma wenzo. Nikasikia pumzi ndefu ikitoka mahali fulani, "fsss," kama mzee anayeketi.

Ndivyo tulivyofanya kazi, mwanangu. Ninapolikumbuka sasa naona kama niliota. Yeye akiwa amenigeuzia mgongo, akizungumza na mlima usioonekana, mimi nikiwa chini, nikiongea na chuma, na maneno yetu yakikutana juu ya trekta kama moshi wa majiko mawili. Alinieleza Kobe kama mtu anayeeleza njia ya kwao. "Panda na kiwiko kikiwa kimebanwa. Utakuta chuma cha baridi, kina ukingo. Huo ufuate. Ukingo ukiisha, usiogope, kuna shimo. Shimo hilo ni la kawaida. Vuka. Mbele yake kuna kitu chenye kona." Nilifumba macho. Vidole vilitembea. Ukingo. Shimo. Kisha kona sita, zimejaa vumbi lililoganda, na katikati yake shingo ya mpira.

"Kobe," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imebadilika, "nimeipata."

Nilisikia kigoda kikilia. Alikuwa ameinuka kidogo akakaa tena.

Alikuwa na spana aliyoitengeneza mwenyewe miaka ya nyuma kwa ajili ya nati ile moja tu. Aliikata mpini, akaupinda kwa moto. Eliakimu akanipitishia. Nikaivika kwenye nati.

"Kobe, zungusha kushoto."

Nikasita. Nilikuwa nimelala chali, mkono wangu umepinda juu ya kichwa, nati siioni.

"Kobe," nikauliza, "kushoto kwako, au kushoto kwa aliyelala chini yako?"

Eliakimu akajipiga mapajani kwa kucheka. "Niulizeni na mimi kushoto kwangu!"

Mzee hakucheka. Aulizaye njia hapotei, na yeye alilipima swali lile kama linavyostahili. Mwisho akasema, "Kobe, upande wa juu wa nati uende mlimani."

Nawe usishangae nikikuambia kwamba palepale, chini ya vyuma, bila kuona kitu, nilijua mlima ulipo. Nilizaliwa nao. Nilijua ulipo kama unavyojua mlango wa nyumba yenu gizani. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe haukuwa umenigeuzia mgongo. Nikaisukuma spana kuelekea kwetu. Nati ikalia, ikakataa, kisha ikakubali.

Eliakimu akafungua ncha ya mbele, na mpira wa zamani ukatoka ukiwa mzito na mweusi, ukidondosha oili kwenye karai. Tukaziba matundu kwa vitambaa safi. Eliakimu aliupeleka mjini, maana mpira wa namna ile hununui kwa kukisia. Unaupeleka wenyewe, fundi wa mipira wa pale Kijenge anapima urefu wake, anatazama ncha zake, kisha anabana mpya unaofanana nao. Mfupi ukinyooshwa hukatika, mrefu hupinda na kusuguliwa mpaka utoboke. Alirudi siku ya pili na lori la maziwa, ameuvaa shingoni kama shada.

Ukungu ulikuwepo tena, lakini nyuma yake sasa palikuwa na mawingu mazito, na upepo ulikuwa na harufu ya mvua inayonyesha kwa wengine. Nikaingia chini. Mzee akaketi karibu zaidi, mgongo kwangu. Niliupitisha mpira njia ileile ulimopita mwenzake, nikahakikisha mstari mweupe uliochorwa juu yake umenyooka, kwa kuwa mzee alikuwa amemwambia Kobe, "Mstari ukijisokota, ujue mpira umejisokota, na mpira uliosokotwa hufanya kazi kwa kinyongo." Kisha nikafikia kwenye nati.

Radi ikasikika mbali, upande wa tambarare. Mimi nikafikiria kipande changu ng'ambo ya mfereji. Nikachukua spana mara moja ili nibane.

Sijui mzee alijuaje. Labda ni mlio wa chuma. Akalipiga bawa la Kobe kwa nyuma ya mkono, pa!

"Kobe! Nani amekufundisha kuanza kwa spana?"

Nikaisimamisha spana.

"Nati inaanza kwa vidole," akasema, sasa taratibu zaidi. "Vidole havina nguvu ya kukosea. Ikiingia upande, vidole vitakataa, nawe utaitoa na kuanza upya. Spana haikatai. Spana itaingiza hata uongo, na uongo ule utaula mpaka meno ya nati yaishe. Weka chuma chini, Kobe. Muulize kwanza."

Muulize kwanza! Maneno ya mama yangu, yametoka kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kuonana naye zaidi ya siku ya mahari. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nikaweka spana kifuani. Nikaizungusha nati kwa ncha za vidole, kinyume nusu mzunguko kwanza mpaka nikasikia mlio mdogo wa meno kukutana na njia yake, ndipo nikaipeleka mbele. Ikaingia laini kama mtoto wa mbuzi anapogeuka tumboni na kukubali kuzaliwa. Mwishoni ndipo spana ikaja kusema neno lake dogo la mwisho, upande wa juu ukienda shambani sasa, si mlimani.

Tukamjaza Kobe oili. Nikatakiwa nitoke chini, na ningetoka. Lakini sikiliza kilichotokea, mwanangu, maana ni kosa ambalo lisingetokea nyumba nyingine yoyote.

Eliakimu aliwasha injini. Kobe akatetemeka, akakohoa moshi, akaamka. Mzee naye akageuka kwa mara ya kwanza, kwa sababu alitaka kuona mikono ikiinuka, na alidhani nimeshatoka. Kwa furaha yake akamwambia Kobe, Kobe mwenyewe sasa, kama alivyokuwa akimwambia miaka yote kabla sijaolewa nyumbani mwake:

"Kobe, jipapase uone kama unavuja."

Siku mbili nzima kila neno alilomwambia Kobe lilikuwa langu. Ningejuaje kwamba hili halikuwa langu? Nilikuwa bado nimelala pale. Nikaupeleka mkono juu, kwenye njia ninayoijua, ukingo, shimo, nikaipapasa shingo ya mpira kwa vidole vyangu.

Hapa nieleze tena, na hili ulishike hata kama mengine utayasahau. Oili ikiwa kwenye nguvu ile, ikapata tundu dogo kama la sindano, hutoka kama mshale usioonekana. Huingia kwenye nyama ya mtu bila hata kumuuma sana, naye akadhani amechomwa na mwiba, kumbe mkono umekwisha. Ndiyo maana mpira wenye nguvu ndani yake haupapaswi. Unaupitishia kipande cha boksi, ukikaa mbali, na boksi ndilo linalolowa.

Mimi sikulijua hilo. Mzee alilijua. Akaona viatu vyangu vikichungulia chini ya Kobe, na kiwiko changu kikipanda.

Angeweza kumwita mkewe, lakini mkewe alikuwa jikoni. Angeweza kumwambia mwanawe, lakini injini ilikuwa inanguruma. Angeweza kusema, "Kobe, toa mkono." Lakini Kobe hana mkono. Umbali wote ule tuliokuwa tumeulea kwa uangalifu, chumba chetu kilichofungwa, sasa ulikuwa kati ya vidole vyangu na msaada.

"Mwanangu!" akapiga kelele. "Mwanangu, mkono!"

Nilisikia kigoda kikianguka. Kabla sijafikiri, mkono ulikuwa umeshashuka. Hujui, mwanangu, jinsi mwili unavyotii neno hilo hata kabla ya akili. Eliakimu akazima injini.

Nikajiburuta nje. Mzee alikuwa amepiga magoti kwenye matope, uso wake karibu kabisa na uso wangu, na nilimtazama machoni. Yalikuwa ya kahawia, yenye duara la buluu pembeni kama ya wazee wengi. Nilikuwa nimeishi nyumbani mwake na sikuyajua macho yake.

"Uko mzima?" akauliza. Aliniuliza mimi.

"Niko mzima, baba."

"Vidole?"

Nikavionyesha. Vimejaa oili, vyote vipo. Akavitazama kimoja kimoja. Mama mkwe alikuwa ametokea mlangoni na mwiko mkononi, akituona tumekaa chini uso kwa uso kama watoto wanaocheza.

"Kumbe redio zimeshaacha kazi," akasema.

Walipowasha tena, nilikuwa nimesimama mbali pamoja na mzee, na Eliakimu alipitisha kipande cha boksi chini ya mpira. Boksi likatoka kavu. Wenzo ukasukumwa mbele na nyuma, mara nyingi, upepo uliobaki ndani utoke. Mikono ya Kobe ikatetemeka, ikashtuka, ikasimama. Kisha ikaanza kuinuka, taratibu, na jembe likaacha ardhi. Wakati huo huo, naapa, ukungu ukafunguka juu, na mlima ukaonekana kilele chake tu, kikiwa kimekaa hewani bila chochote chini yake.

Kwetu Oldonyo Sambu mtoto humsalimu mzee kwa kuinamisha kichwa, na mzee humgusa utosini. Sijui nani alimwambia baba mkwe. Akasogea mbele yangu, akangoja. Nikainama. Mkono wake ukatua kichwani pangu, mzito, una oili, nao ukakaa pale kwa muda. Doa lile halikutoka kwenye kitambaa kwa sabuni yoyote. Kipande changu ng'ambo ya mfereji kililimwa siku iliyofuata, na mvua ikaja kikiwa kimeshafunguliwa.

Baada ya hapo hatukugeuka kuwa watu wa porojo. Tulirudi kwenye umbali wetu, kwa hiari. Alitazama miti akinijibu salamu, nami nilipita nyuma yake si mbele. Lakini kila salamu alimalizia na neno lile. "Marahaba, mwanangu." Mpaka siku yake ya mwisho. Nawe nakuita neno hilo hilo, na sasa unajua nimelitoa wapi. Sijaliokota njiani.

Basi nasaha yangu ni hii. Kitu kilichojificha usikiendee kwa nguvu; kiendee kwa vidole, ukikiuliza, kama ninavyobisha hodi kwenye bawa la Kobe. Nati, mbuzi, shamba gumu, moyo wa mtu uliyemuoa, vyote huanza kwa vidole, na spana huja mwishoni kusema neno dogo. Ukipotelewa na kushoto na kulia, uliza mlima uko wapi. Kila mtu ana mlima wake aliozaliwa nao. Heshimu wakubwa, wala usimcheke anayeheshimu kwa umbali, kwa maana umbali nao ni lugha. Ila maneno yanayopitia kwa mshenga, hata mshenga mwema kama Kobe, ipo siku yatamfikia asiyekusudiwa. Siku utakapomwona mwenzako amenyoosha mkono kwenye hatari, vunja umbali wote, mwite wewe mwenyewe, kwa sauti, kwa jina la mapenzi. Na ikiwezekana usingoje hatari. Neno "mwanangu" halihitaji injini iwe inanguruma ndipo lisemwe.

Mungu wa mlima huu, anayeutazama pande zote, akupe mikono inayofika pale macho yasipofika. Akupe subira ya Kobe na mvua inayokuja shamba likiwa limeshalimwa. Utakapokosea, na utakosea, awepo mtu wa kukuita kabla hujaumia. Na siku ambayo wewe ndiwe utakayeona, koo lako lisisite. Inamisha kichwa, mwanangu. Mkono wangu huu hapa.